Ufunguo wa Umeme

Duka liko kona ya barabara ya Dumbarton, Glasgow,
mlango una kengele moja isiyojua kuchoka.
Sigara hazionekani. Sheria inataka zikae
nyuma ya pazia la bati la kijivu,
kama mwari aliyewekwa ndani,
na kila aingiaye anamjua kwa jina.

Saa moja na robo asubuhi, maziwa bado sijayapanga,
anaingia Lachlan Purdie, aliyechomelea meli
hadi meli zikaisha.
Kofia ya sufu. Ufunguo wa umeme mkononi:
kijiplastiki cha buluu, kama kidole cha mtoto.
Naupachika kwenye mashine, anaulipia,
nyumbani kwake panakuwa na joto.
Zikiisha pauni, linaingia giza.

"Tano za umeme," anasema. Anapumua.
"Na pakiti." Anapumua tena,
kama mtu anayepanda ngazi kwa maneno.
Pauni kumi na saba.
Anazimwaga juu ya kaunta, za karatasi na za shaba,
peni zilizokaa mfukoni hadi zikanuka moshi.

Hesabu ni kilema changu, nazidisha nisipotaka:
kwa wiki, mia moja na kumi na tisa;
kwa mwaka, elfu sita mia mbili na tano.
Bei za zamani sizijui. Naishia hapo,
nisije nikajenga nyumba nzima kichwani
halafu nikaitazama ikiteketea.

Hospitali za huku hazimtozi mgonjwa.
Maradhi ndiyo yenye daftari.
Kwanza yalichukua kile kilima cha kwenda maktaba.
Kisha kituo cha basi. Kisha ngazi,
akawa analala sebuleni, na koti.
Mwisho yakachukua sentensi ndefu:
mtu aliyekuwa akinisimulia boti na mabaharia
mpaka foleni ikanung'unika nyuma yake,
sasa ana maneno matatu, na mkono ukutani.

Baba yangu alilima tumbaku Urambo.
Ada yangu ya shule ilikaushwa banini,
jani kwa jani, kwa kuni tulizobeba sisi wenyewe.
Vidole vyake vilikuwa na utomvu mweusi
usiotoka hata kwa mafuta ya taa.
Hakuvuta hata siku moja.
"Hii ni ya kuuza," alisema,
na hakuna kati yetu aliyeuliza: kwa nani?

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Mimi navuta pazia la bati,
na kile kifua, ng'ambo ya kaunta,
kinavuma kama mvukuto wenye tundu.

Nilithubutu mara moja. Acha, mzee.
"Niliacha," akasema. "Siku kumi na moja."
Akapumzika. Nikasubiri.
"Ya kumi na mbili tulimzika Morag."
Akachukua chenji yake, peni tatu.

Februari, theluji ikidondoka bila nia,
aliniletea ufunguo, akasita, akatazama kiganja chake.
"Leo mbili."
Nikatia kumi. Nane ni zangu.
Hakusema kitu. Labda aliona.
Pakiti alilipa kamili.

Siku nne kengele ililia kwa watu wengine.
Ya tano akaingia mwanamke, kofia ile ile ya sufu
ameikunja ndani ya ngumi.
Senga, binti yake, wa kutoka Aberdeen.
Walimchukua usiku ule ule, akaniambia,
kabla hajafika kwenye mita.
Akaweka ufunguo wa buluu juu ya kaunta:
"Una kitu humu?"

Mashine ikafikiri, ikajibu.
Pauni kumi. Hazijaguswa.

Akatikisa kichwa, akafuta pua kwa kiwiko.
Kisha akanyoosha kidole, chenye umanjano kwenye ncha,
akaelekeza nyuma yangu,
na mkono wangu, kabla sijauambia kitu,
ulikuwa umeshashika pazia.